Mkanda Uliopigwa Pasi

Watu wakiniuliza nilisomea nini Ulaya, huwa najibu "fizikia" na kubadilisha mazungumzo haraka. Nikibanwa zaidi nasema "sumaku". Nikibanwa kabisa naeleza ukweli wenyewe: nilikuwa nachunguza kinachotokea kwa usumaku wa vitu vyembamba mno pale unapovivuta, unapovikunja au unapovikandamiza. Sijaona bado mtu ambaye uso wake haukuingia huruma.

Baba, aliyekuwa fundi cherehani mtaani kwetu Biryogo, aliniuliza swali hilo mara moja tu, niliporudi nyumbani kwa likizo Agosti ya 1990. Nilimweleza kwa bidii. Alinisikiliza miwani ikiwa nchani mwa pua, mguu juu ya kanyagio la cherehani. Nilipomaliza aliinama, akatoa chini ya meza kipande cha sumaku alichokuwa akikipitisha sakafuni kila jioni kuokota pini na sindano zilizoanguka.

"Hii?" aliuliza.

"Hiyo hiyo, Baba."

"Wazungu hawana?"

Mama, aliyekuwa akishona vifungo mlangoni, alicheka mpaka akadondosha uzi. Mdogo wangu wa kike hakuwepo kucheka naye. Tulikuwa wawili tu kwa wazazi wetu, mimi na yeye, na mwaka uliotangulia alikuwa ameolewa Bujumbura. Angekuwepo, angenitania wiki nzima.

Kazi yangu kule, kwenye mji mmoja wa Ubelgiji ambako jua lilikuwa kama mgeni wa heshima, haikuwa kubwa wala ya kujivunia. Nilikuwa napaka utando wa nikeli juu ya bamba jembamba, nalikunja bamba kwa skrubu, kidogo kidogo, halafu napima. Usumaku una upande unaopenda kulalia, kama mtu kitandani. Ukivuta utando, upande huo hubadilika. Nikeli ni kaidi zaidi ya zote: ukiivuta huku, usumaku wake hugeukia pembeni, kama mtoto anayeburutwa kwenda shule. Siku hizi kila gazeti lina neno nanomita na vijana wanalitamka bila kusita. Sisi tulisema "vyembamba sana", tukakunja skrubu, tukanywa kahawa mbaya.

Nilitakiwa kurudi huko Oktoba. Oktoba vita vikaanza kaskazini mwa nchi yetu, karatasi za kusafiria zikawa jambo la kuomba kwa watu wasio na haraka, na zilipokaribia kupatikana, profesa wangu aliniandikia kwa masikitiko ya kweli kwamba bamba na skrubu vimepewa mtu mwingine. Nikapata kazi ya kufundisha fizikia katika shule moja ya sekondari mjini. Maabara ya shule ilikuwa kabati lililofungwa, na aliyekuwa na ufunguo alikuwa amehamishwa zamani. Nilifundisha usumaku kwa kuchora ubaoni. Wanafunzi wangu walikuwa wakichora vizuri kuliko mimi.

Mtaani nilipata cheo: Daktari wa Sumaku. Watu waliniletea redio zilizokufa, nami nilizifungua kwa heshima, nikazitazama, nikazifunga tena. Hakuna hata moja iliyofufuka mikononi mwangu, lakini waliendelea kuzileta. Nadhani walipenda namna nilivyozitazama.

Ninachotaka kueleza hapa kinahusu kaseti moja.

Mama hakujua kusoma barua, na hakupenda kusomewa. Alisema anayekusomea barua anaweka sauti yake juu ya maneno ya mwenziwe, usijue tena nani anakusalimu. Hakuwa peke yake mtaani kwa hilo. Kwa hiyo barua nyingi za Biryogo, za kwenda Bujumbura, Kigoma, hata Maskati, zilisafiri ndani ya kaseti. Mtu alikaa mbele ya redio, akabonyeza, akasema. Aliyepokea alisikiliza, akageuza upande wa pili, akajibu, akairudisha. Kaseti moja iliweza kwenda na kurudi mpaka maandishi yakafutika juu yake.

Mwanzoni mwa 1991 mdogo wangu alituma kaseti kwa mkono wa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge. Yule mama alipofika kwetu alikunywa maji kwanza, kisha akatusimulia kilichompata njiani. Wakati ule kaseti ilikuwa kitu cha kutiliwa shaka. Huenda kuna maneno ya adui ndani. Kwenye kizuizi kimoja askari waliichukua, wakaitia kwenye redio yao, wakainama kusikiliza.

"Basi wakaanza kusikia salamu," alisema. "Msalimie baba, msalimie shangazi wa Nyamirambo, msalimie yule jirani mwenye mguu mbovu, msalimie mtoto wake, msalimie yule mwingine. Nimesimama juani, salamu haziishi. Yule mkubwa wao akatoa kaseti, akanirudishia. Akasema, mama, huyu kama ni adui, atatumaliza kwa salamu tu."

Tulicheka wote. Baba aliambiwa aache cherehani, akaacha. Tukakaa.

Salamu zilikuwa kweli haziishi. Kisha mdogo wangu akavuta pumzi. Ilisikika mpaka kwenye mkanda. Alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, na alikuwa akipumua kama mtu aliyepanda mlima. "Mama," akasema, "nimeanza kujizoeza. Sikiliza kama ndivyo." Akaimba ule wimbo wa kubembeleza ambao bibi yetu alikuja nao kutoka Ujiji na ambao Mama alituimbia sisi. Ni mfupi:

Lala mgeni wangu, safari imekwisha,
mlango nimefunga, moto nimewasha.

Aliimba mara tatu au nne mfululizo. Mwishoni alicheka, akasema, "Najiimbia mwenyewe kama kichaa," na sauti ikakatika hapo kwa mlio wa kidude kinachobonyezwa.

Mama alirudisha nyuma, akasikiliza tena, kichwa kikiwa kimeinama upande.

"Ndivyo?" nikamuuliza.

"Ndivyo. Ila anauharakisha. Mtoto hatalala hivyo, ataona anafukuzwa." Akaifuta kaseti vumbi kwa upindo wa kanga. "Nitamwambia. Kesho nitamwimbia upande wa pili, aone."

Hakumwimbia kesho, kwa sababu kesho kulikuwa na nguo za harusi za watu, na keshokutwa pia. Jibu lilikuwa linangoja tu yule mama wa vitenge arudi. Kabla hajarudi, ikaja habari kwamba mtoto amezaliwa salama, wa kike, na mama yake hakuamka. Walimzika siku ile ile, kama ilivyo kwetu. Sisi tulipopata habari alikuwa tayari chini ya ardhi, na barabara ya kwenda huko ilikuwa imefungwa siku ile. Mama hakuwahi kuliona kaburi.

Wakati ule tulikuwa bado tunazika mtu mmoja mmoja, na mtaa mzima unakuja. Walikuja. Walijaza uchochoro mpaka kwenye msikiti, kwa ajili ya maiti ambayo haikuwepo.

Baada ya arobaini, shemeji yetu alileta mtoto. Alikuwa mtu mwema, mwembamba, asiyejua afanye nini na mikono yake. Alimweka yule mtoto mapajani mwa Mama, akasema, "Mama, mimi siwezi," na Mama akajibu, "Najua, baba." Hivyo tu. Hakuna aliyeshangaa, mtoto aliyefiwa na mama yake hurudi kwa bibi yake. Mama alimtazama yule mtoto muda mrefu, halafu akatangaza jambo moja, kwa sauti aliyoitumia kwa mambo ambayo Baba hakuruhusiwa kuyajadili: mtoto huyu hatakua bila kuijua sauti ya mama yake. Atalala nayo.

Na ndivyo ikawa. Kila jioni baada ya magharibi, Mama alimweka mtoto begani, akabonyeza redio, na mdogo wangu akaimba. Uzuri wa mpango ule niliuona. Lakini mimi nilikuwa Daktari wa Sumaku, na nilikuwa nikiona pia kitu kingine.

Mkanda wa kaseti ni utepe wa plastiki uliopakwa kutu. Naweza kuueleza kwa maneno mazuri zaidi lakini ndio ukweli: ni kutu ya chuma iliyotengenezwa kwa uangalifu, chembe nyembamba kama sindano, ndogo kiasi kwamba macho hayawezi kuziona hata kwa hadubini ya kawaida. Sauti ni namna zile chembe zilivyolala, ipi inaelekea huku, ipi kule. Zikiachwa kwa utulivu, zitalala hivyo hivyo miaka na miaka. Ila mkanda ukichezwa hauachwi kwa utulivu. Unavutwa, unabanwa na gurudumu la mpira, unapindishwa juu ya kichwa cha redio. Kila mpindo ni mkazo, na chembe inayokazwa hujiuliza upya ilikuwa imelalia upande gani. Nyingi hukumbuka. Chache husahau. Zinazoanza kusahau ni zile zilizobeba sauti nyembamba za juu: pumzi, ncha ya herufi, ule mwangaza unaoifanya sauti iwe ya fulani na si ya mwingine.

Haya ndiyo niliyoyavukia bahari kuyasoma. Na sasa niliyaona yakitendeka sebuleni kwetu kila jioni.

Nikamweleza Mama. Nilichukua utepe wa kupimia nguo wa Baba, nikaupindisha juu ya kidole, nikamwonyesha.

"Kwa hiyo zinasahau," alisema.

"Kidogo kidogo."

"Na nisipoicheza?"

"Zitakumbuka."

Alimhamisha mtoto bega la pili. "Zikumbuke kwa ajili ya nani?"

Baba, bila kuinua kichwa kwenye kitambaa, alisema, "Umesoma mpaka unaogopa redio, bwana."

Tukapatana hivi: ningeipeleka kaseti mtaa wa Nyakabanda, kwa mtu mmoja mwenye kibanda cha kunakili muziki, atutolee nakala. Nakala ingechakaa jioni kwa jioni, na ile ya asili ingelala sandukuni. Wazo hilo lilimridhisha Mama na kumpendeza Baba, kwa sababu naye hakuwahi kukata kitambaa cha mteja kabla hajakata kielelezo cha karatasi. Ningekwenda Jumamosi. Hii ilikuwa 1992, mtoto ameshaanza kutembea.

Katikati ya wiki hiyo umeme ukawa unazima na kuwaka mchana kutwa. Siku moja nikiwa shuleni, mtoto alisumbuka kwa homa, Mama akaicheza kaseti mchana. Umeme ukafifia, redio ikavuta kwa shida, ikauchomoa mkanda kutoka kwenye kaseti na kuumeza. Mama alipoufungua mlango wa redio alikuta umejikunja ndani kama utumbo wa kuku. Aliutoa taratibu, kwa vidole vilivyozoea uzi, na haukukatika. Lakini ulikuwa umejaa mikunjo.

Alilia. Baba hakuzoea kumwona akilia. Hata kwenye msiba alilia mahali ambapo Baba hayupo. Akasimama. Akamwambia, kama nilivyokuja kusimuliwa baadaye na Mama mwenyewe, "Usilie. Mimi kazi yangu ni nini? Si ni kuondoa mikunjo?"

Nilifika nyumbani saa kumi hivi. Mlangoni nilikutana na harufu ya mkaa na kitu kingine, kitamu kidogo, cha kuudhi. Baba alikuwa mezani. Ule mkanda ulikuwa umelazwa juu ya blanketi la kupigia pasi, umenyooshwa, umebanwa kwa pini huku na huku, na juu yake kitambaa chembamba chenye unyevu, kama anavyofanya kwa hariri. Mkononi alikuwa na pasi ya mkaa. Mama alikuwa amekaa pembeni na mtoto, akiushika mwisho wa mkanda kwa vidole viwili, akiuvuta uwe imara.

"Baba!" nilipiga kelele. "Unafanya nini?"

"Napiga pasi."

"Huwezi kuupiga pasi mkanda!"

"Nimeshaupiga," alisema kwa utulivu. "Bado kipande hiki."

Nikaanza kusema. Sikumbuki yote, na nashukuru. Nilisema kuhusu joto, kuhusu plastiki kuvutika, kuhusu chembe na pande zake. Nilitaja hata nikeli, ambayo haikuwemo ndani ya nyumba. Nilikuwa na miaka yote ile ya masomo kifuani, na hatimaye mtu alikuwa akifanya jaribio langu hasa mbele yangu, mvuto, mkandamizo na joto kwa pamoja, tena bila kupima chochote.

Baba alisubiri nimalize. "Sikuuchoma," alisema. "Nimejaribu kwanza kwenye kipande cha mwanzo kisicho na kitu. Pasi siyo ya moto. Mkono wangu unaujua moto."

"Sio moto tu, Baba. Ni kuvuta."

"Kitambaa usipokivuta kidogo hakinyooki." Kisha akanitazama juu ya miwani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua. "Imeharibika?"

"Sijui. Mpaka tusikie."

Ulikuwa umenyooka vizuri mno, lazima niseme hivyo. Hakukuwa na mkunjo hata mmoja. Tuliurudisha ndani ya kaseti kwa kalamu, tukizungusha kwa zamu, Mama, Baba, mimi. Umeme ulikuwa umerudi. Hakuna aliyetaka kubonyeza. Mwishowe Mama alibonyeza.

Salamu zilikuwa salama zote, mpaka jirani mwenye mguu. Pumzi ilikuwepo. "Sikiliza kama ndivyo," ilikuwepo. Akaanza kuimba, mgeni wangu, safari imekwisha, na alipofika kwenye mlango, sauti yake ikazama. Ilikuwa kama mtu aliyeshuka ngazi mbili gizani. Ikawa nzito, pana, nene kama imefunikwa blanketi. Kisha ikapanda polepole, ikarudi kuwa yake kwenye moto. Mara ya kwanza tu. Alipourudia wimbo, pasi haikuwa imefika huko, na sauti ilikuwa kama zamani.

Mimi nilijua kilichotokea kama ninavyojua jina langu. Pale pasi ilipopita huku Mama akivuta, mkanda ulirefuka. Mkanda uliorefuka hupita mbele ya kichwa cha redio kwa mwendo ule ule wa zamani, kwa hiyo kila wimbi limetanuka na sauti inashuka. Na zile chembe, zilizovutwa na kukandamizwa, zilikuwa zimepoteza sauti za juu zote kwa mkupuo mmoja. Nilikuwa na mchoro wake kichwani. Ningeweza kuuchora ubaoni.

Baba alikuwa bado ameishika pasi. Hakuiweka chini.

Mama alizima redio. Halafu akasema, "Hapo alichoka."

Tukamtazama.

"Mimba kubwa vile," alisema. "Anaimba, anapumua kwa shida. Hapo alichoka, akapumzika, akaendelea. Sikuwahi kulisikia hilo kabla."

Nilifungua mdomo. Baba hakuniambia kitu, alinitazama tu, na nikaufunga.

Jumamosi nilikwenda Nyakabanda na Mama; alikataa kubaki. Mwenye kibanda alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, mwenye nywele za kijivu na kofia ya timu ya mpira ambayo sidhani kama ilikuwa bado ipo. Aliisikiliza kaseti kwa visikizi vya masikioni, akakunja uso.

"Mwalimu, hapa iko na shida, sha. Huu mkanda nani aliuvuta?"

"Mashine," nilisema.

"Mashine gani iko na nguvu hivi?" Akacheka. "Lakini iko sawa. Anaimba mara nyingi, si ndiyo? Nakata hii ya kwanza kwa wembe, naunganisha kwa gundi, hata yeye mwenyewe hatajua. Mtasikia wimbo safi."

Alikuwa sahihi, na nilikuwa karibu kusema ndiyo. Lilikuwa suluhisho la kitaalamu. Mama aliweka mkono juu ya kaseti.

"Hukati kitu," alisema.

"Maman, hii kipande iko mbaya. Haiko sauti ya mtu hata."

"Ni sauti ya mwanangu. Umemsikia mahali pengine?"

Yule mtu alivua kofia. "Hapana, Maman. Basi tutaacha hivi."

Akanakili kama ilivyokuwa, na mzamo wake.

Miezi ile yote Baba hakulizungumzia jambo hilo. Aliendelea kupiga pasi nguo za watu kwa sababu ndiyo riziki, lakini kaseti ikichezwa alipata shughuli uani. Mara moja tu, tulikuwa tumekaa barazani baada ya swala ya Ijumaa, akaniuliza akiwa anautazama uchochoro.

"Hivi pale ni mimi?"

"Pale wapi, Baba?"

"Usinifanye mtoto."

"Redio ndiyo ilianza. Ilishaukunja."

"Mikunjo ingesikikaje?"

"Ingekwaruza. Ingekatikakatika."

"Sasa haikwaruzi."

"Haikwaruzi."

"Inashuka tu."

"Inashuka tu."

Alitikisa kichwa taratibu, akavuta kofia yake mbele. "Mimi nilitaka iwe nzuri," alisema, na akaingia ndani.

Mwishoni mwa 1993 yule mtoto alikuwa anakaribia kutimiza miaka mitatu. Mji ulikuwa umejaa wasiwasi, watu wakishusha sauti wanapopita watu fulani, lakini mtoto hajui kushusha sauti. Baba alikuwa amemshonea mwanasesere wa vipande vya nguo, mwenye mkono mmoja wa kitenge na mmoja wa kanzu. Mchana mmoja mimi na Mama tulikuwa tunachambua mchele uani, na mtoto alikuwa amekaa kizingitini anambembeleza mwanasesere wake. Alikuwa akiimba.

Lala mgeni wangu, safari imekwisha. Na alipofika kwenye mlango, akateremsha kidevu mpaka kifuani, akaifanya sauti yake ndogo iwe nzito kadiri alivyoweza, polepole, kisha akainua uso akapanda tena mpaka kwenye moto. Aliurudia wimbo, na safari hii hakuteremka. Alianza upya tangu mwanzo; akateremka. Alikuwa ameushika wote, kama ulivyo.

Mama aliacha mikono ndani ya ungo.

Mimi nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini hasa. Nilichuchumaa mbele ya mtoto na kusema, "Hapo, mama, usishuke. Imba hivi." Nikamwimbia, kama mdogo wangu alivyoimba kweli, kama tulivyomsikia siku ile tuliposimuliwa askari walivyochoshwa na salamu.

Alinitazama kwa uvumilivu. "Sio hivyo, Mjomba."

"Ndivyo. Mama yako aliimba hivyo."

"Mama anafanya hivi," alisema, na akateremsha kidevu.

Nikamgeukia Mama nipate msaada. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyajali, akayaacha yadondoke kwenye mchele.

"Mwache," alisema. "Wewe ulimsikia akiwa mzima, una wa kwako. Huyu ana huyo mmoja."

Nyuma yetu cherehani ilikuwa imenyamaza. Baba alikuwa amesimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Mtoto alimwona, akamnyooshea mwanasesere ili naye amwimbie, kama walivyokuwa wakifanya wengine wote ndani ya nyumba isipokuwa yeye. Baba alikaa kizingitini kwa shida, magoti yake yakilia. Akamchukua mwanasesere. Aliimba kwa sauti mbovu, maana hakuwa na sauti hata kidogo, na alipofika kwenye mlango alisita, akamtazama mjukuu wake, akateremka.

Kuhusu mwaka uliofuata, ule wa 1994, sitaandika hapa. Wengi wameandika, na mimi nilishaulizwa na kujibu mahali pa kujibia. Nitasema tu kwamba mimi na yule mtoto tulitoka tukiwa hai, na Mama na Baba hawakutoka. Nyumba iliporwa mpaka milango. Kaseti zote mbili, ya asili na nakala, zilikwenda nayo.

Nilimlea kadiri mwanamume asiyejua kushona anavyoweza kumlea mtoto wa kike. Ni mtu mzima sasa, ana kazi, ana maneno makali, na mwaka juzi alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alinijia mchana mmoja, akaketi, akapumua kama mtu aliyepanda mlima, akasema, "Mjomba, mama alikuwa na sauti gani? Ile ya kawaida. Ya kuongea, ya kuniita. Wewe ulikua naye."

Nilikua naye kweli. Nililala chumba kimoja naye, nikagombana naye, nikaitwa na yeye kutoka mwisho wa uchochoro chakula kikiiva. Nikamtafuta kichwani. Nilimtafuta uani, nikamtafuta barabarani, nikamtafuta akicheka. Kila nilipomfikia karibu aseme, sauti iliyokuja ilikuwa nene, imefunikwa, inashuka ngazi mbili. Nilijaribu kuinyanyua, haikunyanyuka. Nimesoma jinsi kitu chembamba kinavyobadilika kikivutwa sana, na kwamba mara nyingine ukiondoa mkazo hakirudi kilikokuwa. Sikuwahi kufikiri kwamba ningekuwa bamba.

"Sikumbuki vizuri," nilimwambia.

"Basi imba ule wimbo, nimsikie."

Nikaimba. Nilijitahidi kwenda juu, nyembamba, kama alivyoimba yeye kabla ya pasi. Nilipofika kwenye mlango, sauti yangu ilishuka yenyewe. Nikasimama, kwa aibu, nianze upya.

Alikuwa akiitikia kwa kichwa, macho ameyafumba, mikono juu ya tumbo. "Ndivyo," alisema. "Endelea, Mjomba."